Kuchagua Draiva ya Kurusha Mbali kwa Fohendi: Mwongozo Kamili

Wachezaji wa gofu ya diski, mchezo wa kurusha diski za plastiki hadi kikapuni, wananiletea malalamiko mawili kuhusu draiva, yaani diski za kurusha mbali, yaleyale kila mara. Mmoja anasema: "Nimenunua draiva ya kasi 12, lakini kila nikiirusha kwa fohendi inafika mita hamsini kisha inajitupa kulia kama jiwe." Mwingine anasema: "Yangu inapinduka kushoto na kujibamiza chini hata kabla haijaanza kuelea." Wote wawili wameshabadilisha diski mara tatu au nne, na hali iko palepale.

Kosa lao ni moja. Wamechagua diski kwa umbali wanaoutamani, hawakuichagua kwa jinsi inavyotoka mkononi mwao. Draiva inayokufaa ni ile yenye kasi kubwa zaidi ambayo, ukiirusha siku tulivu, bado inakuonyesha mruko wake wote: inanyooka, inasogea kidogo kushoto, inaelea, ndipo inarudi kulia. Ikikuonyesha kipande cha mwisho tu, imekuzidi. Ikikuonyesha cha kwanza tu, ama ni legevu mno kwako (inapinduka kushoto kirahisi) au unaitoa vibaya, na hatua za hapa chini zitakuonyesha ni lipi kati ya hayo mawili.

Maelezo yote ni ya anayerusha kwa mkono wa kulia. Unayetumia wa kushoto, geuza kulia na kushoto kila unapokutana nayo.

## Maneno ya kuelewana kwanza

Fohendi ni mrusho wa kiganja kikitazama juu, diski ikipita ubavuni upande wa mkono unaorusha. Bakhendi ni ule wa kuvuka kifua. Fohendi ya mkono wa kulia huizungusha diski kinyume na mishale ya saa, ukiitazama kutoka juu, kwa hiyo mwishoni hurejea kulia. Bakhendi hurejea kushoto.

Diski nyingi za kurusha mbali zina namba nne. Kasi huanzia 1 hadi 14 au 15. Mweleo, yaani uwezo wa kubaki hewani, huanzia 1 hadi 7. Mgeuko ni kule kusogea kushoto diski ikiwa bado na mwendo mkali. Huanzia +1 hadi -5, na kadiri hasi inavyokuwa kubwa ndivyo inavyogeuka zaidi. Mrejeo ni kurudi kulia mwendo unapopungua, 0 hadi 5.

Diski yenye mgeuko mdogo na mrejeo mkubwa nitaiita kaidi. Yenye mgeuko mkubwa na mrejeo mdogo ni legevu. Iliyo katikati ni tulivu.

Haiza ni kuitoa diski ukingo wa kulia ukiwa umeinama chini. Anhaiza ni ukingo wa kushoto kuinama.

Namba hizo huwekwa na mtengenezaji mwenyewe. Chama cha kimataifa cha mchezo huu, PDGA, hukagua vipimo vya diski kama upana na uzito, hakikagui namba za mruko. Kwa hiyo 9 ya kampuni moja na 9 ya nyingine zinaweza kutofautiana kidogo. Zitumie kama ramani ya kukufikisha kijijini. Nyumba utaitafuta mwenyewe.

## Vifaa

- Diski moja ya masafa ya kati, kasi 4 au 5. Buzzz ya Discraft (5/4/-1/1) inafaa sana.
- Draiva tulivu ya kasi 7, mfano Teebird ya Innova (7/5/0/2).
- Draiva tulivu ya kasi 9, mfano Thunderbird (9/5/0/2).
- Draiva kaidi ya kasi 9, mfano Firebird (9/3/0/4).
- Draiva moja ya kasi 11 au 12, mfano Wraith (11/5/-1/3) au Destroyer (12/5/-1/3).
- Uwanja wazi wenye nyasi, urefu wa mita 150 hivi, usio na watu mbele.
- Utepe wa kupimia, au hatua zako ulizokwisha kuzipima.
- Vijiti au koni za kuweka alama.
- Simu inayorekodi video kwa mwendo wa polepole.
- Taulo, kalamu na daftari.

Usinunue diski zote hizo. Azima. Wachezaji wa mchezo huu wana mifuko iliyojaa diski wasizozitumia, na wengi watakuachia saa mbili bila neno. Sharti moja tu: ziwe diski ambazo hazijachakaa sana, kwa sababu diski iliyogongana na miti miaka miwili haina tena namba zilizoandikwa juu yake.

## Hatua ya 1: Pasha mkono moto

Zungusha mabega, kunja na kunjua kifundo cha mkono, kisha rusha diski ya masafa ya kati mara kumi kwa nusu ya nguvu. Ongeza taratibu.

Sababu ni kiwiko. Fohendi huvuta upande wa ndani wa kiwiko kwa ghafla, na mtu anayeanza kwa nguvu zote huumia pale hasa. Ukisikia maumivu makali upande wa ndani wa kiwiko, acha siku hiyo. Usirushe juu ya maumivu ukitumaini yatapotea.

Umefaulu pale mkono unapokuwa mwepesi na diski inatoka bila wewe kukaza bega.

## Hatua ya 2: Angalia mtikisiko kabla ya kitu kingine

Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayowagharimu diski nyingi.

Chukua diski ya masafa ya kati. Mwombe mwenzako asimame nyuma yako, hatua tano hivi, akurekodi kwa mwendo wa polepole. Rusha mara tano kwa robo tatu ya nguvu, diski ikiwa bapa. Kisha tazameni video pamoja, na macho yawe kwenye mita kumi za kwanza baada ya diski kuachia vidole.

Diski iliyotolewa vizuri inazunguka kama imetulia mezani; huoni kitu ila mstari mmoja wa ukingo. Iliyotolewa vibaya inatikisika juu chini, kama sarafu iliyozungushwa mezani inapokaribia kulala. Mtikisiko huo unakula mwendo, na unaifanya diski igeuke kushoto zaidi ya namba zake. Mtu akiona hivyo anadhani diski yake ni legevu, anakwenda kununua kaidi. Diski kaidi kweli inauficha mtikisiko, inapambana nao na kunyooka. Lakini nguvu iliyotumika kunyooka ni umbali uliopotea, na kosa la mkono limebaki.

Masafa ya kati ndiyo inafaa kwa jaribio hili kwa sababu haifichi kitu.

Mtikisiko wa fohendi hutoka sehemu tatu hasa.

Kifundo kinapinduka. Wakati wa kuachia, kiganja kinaanza kutazama chini, kama mtu anayefunika sufuria. Diski inatoka na anhaiza asiyoikusudia. Dawa: maliza mrusho kiganja kikiwa bado kinatazama juu. Ukisimamisha video mara tu baada ya kuachia, uone kiganja chako kikiwa kimefunguka mbinguni.

Diski imelegea mkononi. Kidole cha kati kinatakiwa kubana ukuta wa ndani wa ukingo kwa nyama yake ya ubavuni, na kidole gumba kibonyeze juu kwa uthabiti. Kukiwa na nafasi hata ndogo kati ya kidole na ukuta, diski inachomoka kabla ya wakati.

Mkono mzima unapigwa kwa bega. Kiwiko kinatakiwa kutangulia, karibu na mbavu, ndipo mkono wa chini na kifundo vifuate kama ncha ya mjeledi. Anayerusha na mkono ulionyooka anaipa diski mwendo lakini anainyima mzunguko, na diski isiyo na mzunguko wa kutosha haikai sawa hewani.

Umefaulu pale angalau mirusho minne kati ya mitano inapotoka bila mtikisiko unaoonekana kwa macho. Usipofikia hapo, simama kwenye hatua hii hata kwa wiki mbili. Hakuna draiva itakayokuvusha.

Na usidhani fohendi ni mrusho wa dharura wa kuzungukia miti tu. Sarah Hokom alitwaa ubingwa wa dunia wa PDGA wa wanawake mwaka 2012 akiitegemea zaidi fohendi. Inabeba mchezo mzima, ila inataka usafi.

## Hatua ya 3: Pima umbali wako halisi

Chukua draiva ya kasi 7. Rusha mara 10 kwa nguvu unayoweza kuirudia, ile ambayo ukiambiwa urushe tena mara kumi hutachoka. Weka alama pale diski ilipogusa ardhi mara ya kwanza. Iliposimama haihusiki, kwa sababu fohendi huteleza sana kwenye nyasi na mtelezo huo hukudanganya.

Futa miwili ya mbali zaidi na miwili ya karibu zaidi. Piga wastani wa sita iliyobaki, uandike kwenye daftari.

Sasa linganisha:

- Chini ya mita 60: baki na kasi 6 au 7.
- Mita 60 hadi 80: kasi 7 hadi 9.
- Mita 80 hadi 100: kasi 9 hadi 11.
- Zaidi ya mita 100: sasa kasi 12 na kuendelea ina maana kwako.

Hii ni mipaka ya uzoefu, usiichukue kama sheria. Ila ielewe sababu yake. Namba ya kasi haisemi diski itakwenda haraka kiasi gani. Inasema ni mwendo kiasi gani unatakiwa uupe wewe ili iruke kama ilivyoundwa. Destroyer iliyorushwa kwa mwendo wa Teebird haipati nafasi ya kugeuka wala kuelea. Inaanza mrejeo wake mapema, na mrejeo wa 3 ukianzia mita ya 40 unakupeleka vichakani.

Mimi mwenyewe nilishikilia draiva ya kasi 13 msimu mzima kwa sababu mara moja, siku moja, iliniendea mbali sana. Mrusho ule mmoja ndio niliokuwa naukumbuka kila nilipoishika. Nilipoanza kupima na kuandika, Thunderbird ilikuwa mbele ya diski ile karibu kila siku, na tena ilikuwa inaangukia pale nilipotaka.

Onyo: usitumie umbali wa bakhendi yako kuchagulia draiva ya fohendi. Kwa wengi mirusho hiyo miwili haina umbali sawa, na kila mmoja unastahili kipimo chake.

## Hatua ya 4: Chagua mgeuko na mrejeo

Utasikia kila mahali kwamba fohendi inataka diski kaidi. Kuna ukweli ndani yake. Fohendi ya watu wengi ina mzunguko mdogo ukilinganisha na mwendo wake, na mara nyingi ina mtikisiko kidogo, kwa hiyo diski inageuka kushoto mapema kuliko ambavyo ingegeuka kwa bakhendi ya mtu yuleyule. Diski yenye ukaidi kidogo inavumilia hayo.

Lakini umbali hautoki kwenye ukaidi. Unatoka kwenye ule mkunjo mpana wa herufi S: diski inasogea kushoto, inatulia ikielea, kisha inarudi. Firebird ni diski ya kuaminika kuliko nyingi nilizowahi kuzishika. Kwenye upepo, kwenye kona ya kulia, siiachi nyumbani. Kama draiva ya *umbali* hainifai. Mweleo wake ni 3 na haisogei kushoto, kwa hiyo inatumia mruko wake mfupi kutafuta njia ya kulia.

Fanya hivi. Rusha mara tano Thunderbird (mgeuko 0, mrejeo 2) na mara tano Firebird (mgeuko 0, mrejeo 4), zote bapa, nguvu ileile. Kisha soma matokeo.

Ikiwa Thunderbird imenyooka na kurejea taratibu, na imeizidi Firebird wazi: fohendi yako ni safi. Tafuta draiva yenye mgeuko wa -1 na mrejeo wa 2 au 3, katika kasi uliyoipata hatua ya 3.

Ikiwa Thunderbird imegeuka kushoto bila kurudi, na Firebird ndiyo imenyooka: una mkono wenye nguvu lakini bado unatikisa diski. Chagua mgeuko 0 na mrejeo 3 kwa sasa. Force ya Discraft (12/5/0/3) ni mfano wa umbo hilo kwa mwenye mkono wa kasi hiyo. Huku ukiitumia, rudi hatua ya 2 kila wiki.

Ikiwa zote mbili zimejitupa kulia mapema: mwendo wako bado mdogo, au pua ya diski, yaani ukingo wake wa mbele, ilikuwa juu. Shuka kasi, na utafute ulegevu kidogo. Leopard (6/5/-2/1) au Valkyrie (9/4/-2/2) zitakupa umbali zaidi ya Destroyer yoyote. Watu huona aibu kurusha fohendi na diski legevu kwa sababu wameambiwa haifai. Ukiitoa na haiza kidogo, inajiinua yenyewe ikawa bapa, inanyooka mbele, na inakaa hewani muda mrefu. Ni mruko mzuri kuutazama.

Usiende chini ya mgeuko wa -3 kwa draiva yako kuu ya fohendi. Roadrunner (9/5/-4/1) ni diski nzuri kwa kazi yake, lakini kosa dogo la kifundo linaigeuza kuwa gurudumu linalokimbia ardhini.

## Hatua ya 5: Ishike, usiisome tu

Hapa namba hazisaidii tena. Watu wawili wenye umbali sawa wanaweza kuhitaji diski tofauti kabisa kwa sababu ya vidole vyao.

Upana wa ukingo. Kasi ikiongezeka, ukingo unapanuka: kwenye kasi 7 ni kama sentimita 1.7, kwenye kasi 12 ni kama 2.2, na kikomo cha PDGA ni 2.6. Shika diski kwa mshiko wako wa fohendi, kisha igeuze uone chini. Ncha ya kidole cha kati inatakiwa ifike ukutani na ibaki na nyama ya kutosha kuubana. Mwenye vidole vifupi akishika ukingo wa 2.4 anaugusa ukuta kwa ncha ya ukucha. Anakaza mkono wote ili diski isitoroke, na mkono uliokazwa hauna mjeledi. Kwake kasi 9 au 10 itakwenda mbali kuliko 13, hata kama ana nguvu.

Mgongo wa diski. Diski nyingine zina mgongo ulioinuka kama kifuniko cha chungu, nyingine ni bapa. Kwa fohendi, wengi wetu tunapendelea bapa, kwa sababu kidole gumba kinalala vizuri na diski inakaa karibu na kiganja. Mgongo ulioinuka huongeza mweleo, lakini unakisukuma kidole gumba juu na kupunguza nguvu ya kubana. Hata diski mbili za jina moja hutofautiana mgongo, kwa hiyo ukiwa na nafasi ya kushika kadhaa, zishike zote.

Jaribio la kutikisa. Shika diski, fumba macho, tikisa kifundo mbele na nyuma kwa haraka kama unaye­taka kuachia lakini huachii. Ikisogea ndani ya mshiko, haikufai. Ikiumiza pembeni mwa kidole cha kati baada ya mara ishirini, haikufai pia. Kiatu kinambana anayekivaa. Sifa za mwenzako hazitakusaidia.

## Hatua ya 6: Uzito na plastiki

PDGA inaruhusu gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo. Draiva nyingi zina kipenyo cha sentimita 21 na kitu, ndiyo maana utaona uzito wa juu ukiishia gramu 175 hivi.

Kwa mkono wa kawaida wa mtu mzima, anzia gramu 168 hadi 175. Kwa kijana, au yeyote ambaye umbali wake bado uko chini ya mita 60, gramu 150 hadi 165 ni nafuu kwa kiwiko na humpa mwendo zaidi. Diski nyepesi pia huruka kwa ulegevu zaidi na husukumwa na upepo kirahisi, kwa hiyo ukishusha uzito, usishushe pia ukaidi kwa wakati mmoja. Badili kimoja, jaribu, ndipo ubadili kingine.

Plastiki ya bei ya chini hushikika vizuri, lakini huchakaa upesi na kulegea. Plastiki ngumu, ile inayopitisha mwanga, hudumu na mara nyingi huwa kaidi kidogo kuliko ndugu yake laini wa jina lilelile. Kwa draiva ya fohendi nachagua ngumu, kwa sababu nataka diski niliyoijaribu leo iwe ileile baada ya miezi sita. Mvua ikinyesha hubadili hesabu hiyo: plastiki inayoteleza ikiloa haina faida. Paka maji kidogo kwenye ukingo, rudia jaribio la kutikisa, uamue.

## Hatua ya 7: Jaribio la mwisho uwanjani

Umebakiwa na diski mbili au tatu. Chagua siku yenye hewa tulivu. Kila diski itarushwa mara 15: tano bapa, tano haiza, tano anhaiza kidogo. Badilisha diski kila mrusho, usimalize moja ndipo uanze nyingine, maana mkono wa mwishoni si mkono wa mwanzoni, na diski ya tatu itaonewa.

Andika vitu vitatu kwa kila mrusho: umbali wa kugusa ardhi, imeangukia kulia au kushoto mwa mstari kwa hatua ngapi, na kama imeonyesha mruko wote. Hilo la tatu andika *ndiyo* au *hapana* tu.

Diski yako ni hii:

- Ikirushwa bapa, imeandikiwa *ndiyo* mara nne kati ya tano.
- Ikirushwa haiza, imeshuka kulia bila kukushtua.
- Ikirushwa anhaiza kidogo, imekwenda kushoto kisha imerudi, hata kama ni kidogo, mara tatu au zaidi.

Kipimo cha anhaiza ndicho kinachochuja. Draiva isiyorudi kutoka anhaiza ndogo itakusaliti siku ukichoka, kwa sababu kifundo kilichochoka hupinduka chenyewe.

Diski mbili zikilingana umbali, chukua ile yenye mtawanyiko mdogo kulia na kushoto. Ikiwa moja imeizidi nyingine kwa mita tatu lakini imetawanyika mara mbili, iache.

## Hatua ya 8: Rudia siku ya upepo

Upepo wa mbele huongeza mwendo wa hewa inayopita juu ya diski, nayo hugeuka kushoto zaidi ya kawaida. Diski tulivu inakuwa kama legevu. Upepo wa nyuma hufanya kinyume: diski haigeuki, mrejeo unakuja mapema, na diski inasukumwa chini.

Rusha draiva uliyoichagua mara tano kila upande. Kama upepo wa mbele unaipindua kabisa, usiitupe. Ongeza pembeni yake diski kaidi kama Firebird au Felon ya Dynamic Discs kwa siku hizo. Na kwa upepo wa nyuma, diski yenye mgeuko wa -2 itakwenda mbali kuliko draiva yako kuu.

Unayecheza nyanda za juu, jua kwamba hewa nyepesi hufanya diski zote ziwe kaidi zaidi. Shusha ukaidi nukta moja.

## Ikienda vibaya, soma mruko kabla ya kulaumu diski

Inapanda juu, inasimama hewani, inaanguka kulia. Pua iko juu. Hili huchanganywa sana na ukaidi. Shusha ukingo wa mbele kwa kubonyeza kidole gumba mbele zaidi, na umalizie mkono chini ya kiwango cha bega. Rudia mara tano. Ikinyooka, diski haikuwa na kosa.

Inapinduka kushoto mara tu ikitoka, na video inaonyesha mtikisiko. Kifundo. Hatua ya 2.

Inapinduka kushoto, lakini video iko safi kabisa. Sasa ni diski. Imechakaa, au mkono wako umeizidi. Panda ukaidi nukta moja.

Inanyooka vizuri lakini inaanguka mapema bila kurejea popote. Umeirusha chini mno. Inyanyue kidogo kabla hujabadilisha chochote.

Siku moja nzuri, siku nyingine mbaya. Angalia mshiko. Wengi hubadilisha vidole bila kujua, leo viwili vimepangana, kesho vimetengana. Piga picha mkono wako ukishika diski siku inapokwenda vizuri, uitazame kabla ya kila zoezi.

## Ukishaipata

Andika tarehe kwa kalamu isiyofutika upande wa chini wa diski, pamoja na wastani wa umbali wake. Baada ya miezi mitatu rudia mirusho mitano ya bapa.

Diski itakuwa imelegea kidogo kwa sababu ya kugonga ardhi na miti, na hilo ni jema: itaanza kukupa mkunjo mpana zaidi. Hapo nunua ya pili, jina lilelile, uzito uleule, plastiki ileile. Mpya iwe ya upepo wa mbele, ya zamani iwe ya siku tulivu. Na wastani wako ukiwa umevuka mpaka wa hatua ya 3 kwa miezi miwili mfululizo, azima ya kasi inayofuata, uanze tena hatua ya 4.